Herufi Zisizo na Doa

Kijitonyama, Dar es Salaam
3 Februari 2025

Baba mdogo Anyelwisye,

Shikamoo. Najua utauliza kwa nini nakuandikia barua ya karatasi wakati simu yako iko mfukoni mchana kutwa. Subiri, sababu ninayo, tena nzuri.

Unakumbuka nilipokueleza kazi yangu hapa ofisini? Kutengeneza fonti, zile sura za herufi zinazotokea kwenye kompyuta na simu mtu akibonyeza. Ulicheka ukasema, "Kwa hiyo na wewe ni mchora mabango, ila hushiki rangi." Nimelikubali jina hilo. Sasa mchora mabango asiyeshika rangi amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na anamhitaji anayeishika.

Wachapaji wa Unguja wanataka kutoa vitabu vya tenzi za zamani, zile zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla babu zetu huko Ileje hawajaona A wala B. Ukurasa mmoja utakuwa wa Kiarabu, na unaotazamana nao wa herufi zetu za kirumi, maneno yale yale. Tabu ni kwamba fonti zilizopo hazipatani. Ukiziweka pamoja moja inapiga kelele, nyingine inanong'ona. Wanataka herufi za aina mbili zilizolelewa nyumba moja.

Nikamwonyesha Bi Aida, mhariri wao, picha ya bango ulilomchorea Maalim Shaame kwenye bucha lake pale Makambini. "Nyama Safi" juu, Kiarabu chini. Aliisogeza karibu na macho, akauliza, "Huyu mtu yuko hai?" Nikamwambia yuko hai na anapenda sana kusifiwa.

Basi nichoree alfabeti zote mbili. Brashi bapa, rangi nyeusi, karatasi nene. Picha ya simu inapinda herufi na kula kingo zake, ndiyo maana nataka karatasi yenyewe, na karatasi ikipanda basi si vibaya barua ikaisindikiza. Mwisho wangu ni tarehe thelathini Aprili. Nikichelewa, Bi Aida atanunua Kiarabu cha nje na kukibandika kando ya kirumi chako, na mimi hilo sitaki hata kuliota.

Fonti nitaiita Anyelwisye.

Msalimie mama mdogo Teresia.

Binti yako,
Gwantwa Kibona


Sogea, Tunduma
12 Februari 2025

Mwanangu Gwantwa,

Marahaba, na ndaga, asante, kwa barua. Kondakta kaikabidhi mkononi mwangu, si kwa jirani, kama ulivyomwagiza.

Mwambie huyo mama kuwa niko hai, na juzi nimemaliza lori zima ubavu kwa ubavu bila kupiga mstari wa penseli. Wazambia wananiita ba Kalemba, maana yake mwandishi kwa Kibemba. Mmoja wa Nakonde aling'oa mlango wa duka lake akauvusha mpaka kwa toroli ili niuandike. Mlango, Gwantwa! Duka likabaki wazi mchana kutwa, mke wake amekaa kizingitini na fimbo. Nilipomaliza akasema hatauweka tena mahali pake mpaka watu wa mtaani kwake wapite kuutazama kwanza.

Herufi za kirumi hizi hapa, kubwa, ndogo na namba. R nimeipa mguu mrefu, kwa kuwa R ya mguu mfupi husimama kama inataka kuomba ruhusa. S nimekuwekea tatu, chagua. Usizinyooshe sana kwenye mashine yako. Herufi ikinyooshwa kupita kiasi inakuwa kama mtu aliyevaa suti ya kuazima.

Za Kiarabu zinafuata. Mvua ni nyingi huku na rangi haikauki.

Jina la fonti ni zuri. Halihitaji kufikiriwa upya.

Mama yako mdogo anakusalimu. Alisoma barua yako mara mbili, akachukua jembe akaenda shambani. Sijui ndiyo furaha au ni nini.

Baba yako mdogo,
Anyelwisye Kibona


Kijitonyama
20 Februari 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. R imewafanya watu watatu ofisini waache kazi zao waje kusimama nyuma ya kiti changu. Bosi wangu Sebastian, ambaye akikusifu ujue anataka kuazima kitu kwako, alisema, "Hii inatembea." Nimechagua S ya pili.

Sasa nieleze ninachohitaji kwenye Kiarabu, maana ni zaidi ya kinachotosha bango. Herufi zake hushikana mikono, wewe unajua, na nyingi hubadilika sura zikiwa mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni, au peke yake. Nataka sura zote. Tena Kiswahili kina sauti ambazo Waarabu hawana, kama p na ch na g, na wazee wa pwani waliziongezea nukta ili ziandikike. Maalim Shaame atakuonyesha, yeye ni wa Pemba na anafundisha madrasa.

Pamoja na barua hii kuna fomu ya haki. Wachapaji wanaitaka ili asije mtu baadaye akadai kazi ni yake. Inasema, "Mimi fulani nathibitisha kwamba herufi hizi zimechorwa kwa mkono wangu mwenyewe." Jaza jina, saini mbele ya mtendaji wa kata, akugongee muhuri, basi.

Na habari tamu nimeiweka chini. Mwezi wa sita kitabu cha kwanza kitazinduliwa Unguja, na wamekualika. Utasimama mbele ya wageni uchore jina la kitabu kwenye ubao, kirumi na Kiarabu, watu wakitazama. Nauli juu yao. Mwambie mama mdogo akutafutie shati.

Gwantwa


Sogea, Tunduma
8 Machi 2025

Mwanangu,

Kiarabu hiki hapa, karatasi nne. Kama kuna doa hapa na pale ni mvua. Bati la paa letu lina tundu juu ya meza yangu.

Fomu nimeisahau juu ya kabati. Nitaituma.

Kuhusu Unguja, sijui. Nina malori mengi mwezi wa sita, na bahari sina mazoea nayo. Si lazima mtu achore mbele ya watu. Fundi halisi huonyesha kazi iliyokwisha.

Anyelwisye


Kijitonyama
15 Machi 2025

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa na karatasi zako siku tano nikitafuta namna ya kuanza, sasa nitaanza popote.

Hizi si zile za bucha. Zile za bucha zinateremka kama maji yanayojua yanakokwenda. Hizi zinakwama. Kila herufi ya pili imekokotwa, rangi imetapakaa kuelekea kushoto kana kwamba kuna kitu kimepita juu yake kabla haijakauka, na hiyo si mvua. Mvua hudondoka, haiburuzi.

Baba mdogo, ni macho? Nambie tu. Ulipoandika kwamba hutaki kuchora mbele ya watu, ndipo nilipoanza kushuku. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha methali hiyo nilipoficha jino bovu. Nimekuwekea miwani ya kusomea kwenye bahasha hii, na nimezungumza na daktari wa macho Mbeya, rafiki yangu tuliyesoma naye. Anakusubiri Alhamisi ya wiki ijayo saa nne asubuhi. Nenda. Hakuna aibu hata kidogo.

Gwantwa wako


Sogea, Tunduma
21 Machi 2025

Gwantwa,

Nasoma namba za lori lililoegeshwa upande wa Zambia nikiwa nimesimama mlangoni kwangu. Miwani nimempa Kefa, fundi cherehani wa jirani, na imemfaa sana.

Kwa daktari sikwenda. Tumia picha ya bucha, utoe humo unachotaka. Mashine zenu si zinaweza kila kitu?

A. Kibona


Kijitonyama
29 Machi 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Nilifanya ulivyosema, nikatumia picha ya bucha. Nimekuwekea karatasi niliyochapa uone nilipofika. Bango lina herufi kumi na mbili tu, hazitoshi alfabeti, lakini nilitaka kuzielewa. Siku tatu nzima niliona nukta zinanisumbua. Za kwenye bango zimelala upande mmoja, na viungo vya herufi zako za kirumi vimelala upande mwingine. Nikazigeuza nukta zote zifuate za kirumi, nikajipongeza, nikampelekea Bi Aida.

Akanipigia simu. Akasema, "Umeharibu. Na jambo jingine, zile karatasi nne na bango la bucha si mkono mmoja. Mimi nimeshika miswada tangu nikiwa msichana."

Nikarudi kwenye picha nikaikuza mpaka nikaona nyayo za nywele za brashi. Brashi bapa haiwezi kudanganya, baba mdogo. Ukiigusisha kwa mkono wa kulia nukta inalala huku, ukiigusisha kwa wa kushoto inalala kule. Aliyechora Kiarabu cha bucha ni mashoto. Wewe si mashoto.

Nilikaa kwenu miaka minne nikisoma sekondari. Namjua anayesonga ugali kwa mkono wa kushoto, na anayeficha mkono huo chini ya khanga wageni wakiingia.

Nimekasirika, sitakuficha. Nimewaambia watu wa Unguja na ofisi nzima kwamba ni wewe, nimeipa fonti jina lako, nimekutumia miwani kama mjinga, na wewe umeniacha niendelee tu. Lakini zaidi ya hasira nataka kujua. Andika yote, na usianze na mvua.

Gwantwa


Sogea, Tunduma
6 Aprili 2025

Mwanangu Gwantwa,

Sianzi na mvua.

Mwaka 2006 Maalim Shaame alifungua bucha, akanipa bati na karatasi yenye maneno ya Kiarabu, jina la Mungu likiwamo, niyanakili. Nikaona kazi ndogo. Mimi huulaza mkono kwenye bati nikichora, na kwa kirumi hiyo ni sawa, mkono unatangulia mahali pakavu na rangi mbichi inabaki nyuma. Kiarabu kinatoka kulia kwenda kushoto. Mkono wangu ukawa unapita juu ya nilichotoka kuchora. Nilifuta bati kwa mafuta ya taa mara tatu. Mara ya nne nililitupa uani nikaenda kunywa chai kwa mama ntilie.

Niliporudi bati limekwisha. Halina doa. Mama yako mdogo anaosha brashi yangu kama anayeosha kijiko. Aliichukua kwa mkono wake wa kushoto, na mkono wa kushoto kwa Kiarabu ndio unaotangulia pakavu. Nilisimama pale, Gwantwa, nikaona wivu, nikaona na fahari, sijui kipi kilitangulia.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mimi Mmoraviani wa milimani, nilichojua kuhusu Waislamu ni kwamba mkono wa kushoto hawali nao wala hawasalimiani nao. Nikajiambia, Maalim akijua jina la Mungu limeandikwa kwa kushoto, tena na mwanamke Mkristo, atalirudisha bango na mji mzima utasikia. Sikumwuliza. Niliamua mwenyewe. Nikalipeleka bango nikasema ni mimi, na kabla ya kutoka nyumbani nilijipaka rangi kwenye kucha.

Kazi zikaja. Hoteli za Wasomali kule maegesho ya malori, duka la vitabu, kibao cha madrasa. Zote naleta nyumbani, mama yako mdogo anachora uani, narudisha kwa baiskeli. Mtu akitaka ukutani namwambia ukuta hauukubali Kiarabu, chokaa inakula nukta. Wameamini miaka kumi na tisa! Tembea Tunduma nzima hutaona Kiarabu changu ukutani. Chote kiko kwenye bati.

Yeye hakuwahi kulalamika. Alisema anapenda kuchora na hapendi kutazamwa. Ila ulipotuma fomu nikamwomba achore karatasi, aliisoma fomu akanirudishia. Akasema, "Bango ni bango. Lakini ukiweka jina lako chini ya maneno 'kwa mkono wangu mwenyewe', nitajua nimeolewa na nani." Ndipo nikachora zile nne mimi mwenyewe, usiniulize tena habari zake.

Barua yako ilinifikisha kwa Maalim. Nilikwenda mchana, bucha lina watu, nikamwomba tutoke nje, nikamweleza yote nikitazama viatu vyangu. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema, "Bwana Kibona, mkeo anakuja hapa kila Jumanne kununua utumbo. Kila Jumanne namwandikia herufi kwenye karatasi ya kufungia nyama na kumsomea. Miaka kumi na tisa ulidhani tunabishania bei?" Anasoma, Gwantwa! Mimi nilikuwa nadhani ananakili michoro, kumbe anasoma.

Nikamwuliza juu ya mkono. Akasema, "Kula kwa kulia, salimia kwa kulia. Brashi kila mtu aishike kwa mkono unaojua kazi." Basi. Dakika moja. Ningeuliza mwaka ule ingekuwa dakika hiyo hiyo moja.

Nimetubu kwa mama yako mdogo, na sasa natubu kwako. Lakini tatizo halijaisha. Nimemwomba tena achore, nikamwambia jina litakuwa lake. Amekataa. Anasema mpaka leo hakuna mtu aliyemwuliza kama anataka.

Anyelwisye


Kijitonyama
11 Aprili 2025

Mama mdogo Teresia,

Shikamoo. Hii ni barua ya kwanza ninayokuandikia wewe peke yako, na naona aibu kwamba ni ya kwanza. Siku zote nimekuweka kwenye mstari wa mwisho wa barua za mtu mwingine. Nisamehe.

Nauliza. Unataka kuchora alfabeti ya Kiarabu ili niitengeneze fonti, ikae kwenye vitabu na kompyuta na simu za watu tusiowajua, leo na tukishaondoka?

Ukisema hapana nitamjibu Bi Aida kwamba mwenye herufi amekataa, na sitataja sababu. Hatanilaumu. Atanunua Kiarabu kingine baada ya tarehe thelathini, kitabu kitatoka, na wewe utabaki na heshima yako yote kwangu. Sitaki uchore ili kuniokoa mimi. Mimi nitapata kazi nyingine.

Ukisema ndiyo, sina mafundisho ya kukupa. Nilikuwa na maelezo marefu ya nukta na viungo, nimeyachana. Fomu mbili ziko humu, hazijajazwa. Sijui kama utapenda fonti iitwe Teresia. Ningependa mimi.

Kuna jambo moja nataka kulisema hata kama jibu ni hapana. Nilipokuwa kidato cha pili niliwahi kuona uani bati limeegemea ukuta, rangi mbichi, na herufi ambazo sikuweza kuzisoma. Nilichuchumaa mbele yake mpaka ukaniita kula. Ile ndiyo siku niliyoanza kupenda herufi. Kwa miaka yote hii nilimshukuru mtu mwingine.

Binti yako,
Gwantwa


Sogea, Tunduma
23 Aprili 2025

Gwantwa,

Marahaba. Ndiyo.

Karatasi ziko kumi na moja. Sura zote ziko humo, na zile za p na ch na g na v nimezifuata kwa Maalim, amezitazama moja moja akanirudisha nichore upya mbili. Nimechora nikiwa nimeketi barazani kwa sababu uani kuna kuku.

Nimeiona ile karatasi uliyochapa kutoka kwenye picha. Umezigeuza nukta zangu. Zirudishe. Nukta ikilala upande wake herufi inasogea mbele, ukiigeuza inageuka nyuma kuangalia nani anaifuata. Na ile waw umeinyoosha mgongo, hiyo ni herufi iliyoketi, iache ikae. Za baba yako mdogo na zangu haziwezi kulala upande mmoja, hata sisi hatulali hivyo. Zipatane kwa unene. Pima unene wa brashi. Ni brashi ileile, tunaitumia wote wawili, ndiyo maana huyo mama wa Unguja aliona zimelelewa nyumba moja. Kompyuta yako itakuelewa ukiieleza hivyo.

Usiiite Teresia. Mimi si saluni. Na usiiite Anyelwisye, amekwishavimba vya kutosha. Iite Tunduma.

Baba yako mdogo amekuambia kwamba sipendi kutazamwa. Hajakuambia kwa nini kwa sababu sikumwambia vizuri. Nilipokuwa mdogo kwetu Msangano tulikuwa na mwalimu, yeye na shule yake nawasamehe sitawataja. Kila nikishika chaki kwa kushoto alinigonga vifundo vya vidole kwa ubapa wa rula, darasa zima likihesabu. Baadaye alinifunga mkono kwenye dawati kwa kamba ya katani. Nikajifunza kuandika kwa kulia, mwandiko mbaya, na huo ndio niliousainia hata cheti cha ndoa. Darasa la tano niliacha. Watu walisema sina akili, na mimi nikakubali nao. Ndipo siku ile nikalikuta bati limetupwa uani na nyumbani hakuna mtu.

Kwa hiyo usimlaumu sana huyu. Alinificha kwa ujinga wake, lakini na mimi nilikuwa nimejificha tayari, akakuta kazi imefanyika nusu. Kosa lake ni kwamba alizoea. Nimemwambia hivyo, hajabisha. Wiki nzima amechota maji bila kuambiwa, mpaka mapipa yamejaa na sasa anatafuta vyombo vingine.

Unguja nitakuja. Kiarabu nitakichora mimi na kirumi atachora yeye, kila mtu kwa upande wake wa ubao, tukikutana katikati tutasimama. Shati amepata. Mimi natafuta kitenge.

Fomu zote mbili ziko humu. Ya kirumi amesaini yeye, ya Kiarabu nimesaini mimi. Nilitaka uijue siku yenyewe ilivyokuwa. Tulikwenda ofisi ya kata jana asubuhi, foleni ndefu, watu wa vitambulisho na wa viwanja. Mtendaji alinipa kalamu. Nikaipokea kwa kulia kwa heshima, kisha nikaihamishia kushoto. Karani aliyekuwa pembeni akasema, "Mama, kwa mkono wa kulia, tafadhali, hii ni karatasi ya serikali." Hakusema kwa ubaya. Kijana tu. Lakini mkono ulinifa, Gwantwa, ukawa mzito kama si wangu, na watu nyuma yangu wakasogea kutazama.

Baba yako mdogo akatoka kwenye benchi. Nilidhani anakuja kunishikia karatasi. Akasimama pale katikati ya ofisi, na ile sauti yake ya kuitia wateja, akasema, "Mabango yote ya Kiarabu mnayoyaona mji huu, mliyonisifu mimi miaka kumi na tisa, aliyachora huyu, kwa mkono huo. Mimi nilikuwa mbebaji." Mzee mmoja wa Kinyiha kwenye foleni akauliza, "Hata la bucha?" Akajibu, "Hata la bucha."

Mtendaji akamwambia karani asogeze meza ili nipate nafasi ya kiwiko.

Niliandika jina langu lote, taratibu, nikalimaliza, na hakuna aliyenigusa mkono.

Mama yako mdogo,
Teresia Silwimba